Risasi isiyogoma: kuchagua na kutunza risasi za bunduki ya leseni Arusha na Moshi

Tik. Bolti imefungwa, triga imevutwa, pini imegonga, na bunduki haijalia. Kwenye uwanja wa shabaha hiyo ni kero tu. Mbele ya nyati aliyejeruhiwa ni habari nyingine kabisa. Mara nyingi lawama huenda kwa bunduki, au kwa bei ya risasi, ilhali kilichogoma ni kitu kidogo kuliko kifungo cha shati: fataki iliyo katikati ya kitako cha ganda.

Kiswahili kimelibebesha neno risasi mizigo mitatu. Ni madini mazito ya kijivu, ni kile kichwa kinachoruka, na ni kitu kizima unachokitia kwenye chemba, kile chumba cha nyuma ya mtutu kinachozibwa na bolti. Hapa tukisema risasi tunamaanisha kitu kizima, chenye sehemu nne: ganda, baruti, kichwa na fataki. Fataki yenyewe ni kikombe chembamba cha shaba chenye unga unaolipuka ukigongwa. Pini inapobonyeza kikombe, unga unabanwa kati ya kikombe na kipande kigumu kiitwacho fuawe, kama chuma kinavyobanwa kati ya nyundo na fuawe ya mhunzi. Cheche inapita kwenye tundu dogo, baruti inashika moto, kichwa kinaondoka. Hatua hizo zote zinakwisha kabla sikio halijazitenganisha.

Marekani na Afrika Kusini watu wengi hununua fataki peke yake na kujaza upya maganda yaliyotumika. Kwetu usijaribu kuifanya kazi hiyo uani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka anayetengeneza risasi awe na leseni ya kazi hiyo, na leseni yako ya kumiliki bunduki haikupi ruhusa hiyo. Kwa hiyo mmiliki wa Arusha au Moshi anaichagua fataki kwa njia ya mzunguko: anachagua boksi la kiwandani, analikagua, analijaribu, kisha analitunza ili fataki zisife kabla ya siku yake. Hiyo hatua ya mwisho ndiyo inayoharibu risasi nyingi, na ndiyo isiyogharimu karibu chochote.

Fataki gani iko ndani ya boksi

Kuna mifumo miwili, na majina yake yametoka kwa watu wawili wa karne ya 19: Boxer, afisa wa Uingereza, na Berdan, Mmarekani. Katika Boxer fuawe iko ndani ya fataki yenyewe, na ganda lina tundu moja katikati. Katika Berdan fuawe ni sehemu ya ganda, na matundu huwa mawili pembeni yake. Cha kuchekesha ni kwamba fataki ya Mwingereza ndiyo iliyotawala Marekani, na ya Mmarekani ikahamia Ulaya na Urusi. Kwa mtu asiyejaza maganda upya tofauti hiyo haina uzito: zote mbili zinalia vizuri zikitengenezwa vizuri. Ukitaka kujua uliyonayo, chukua ganda lililokwisha kutumika, mulika ndani kwa tochi ya simu, uhesabu matundu.

Fataki za raifo zina vipenyo viwili: ndogo milimita 4.45 na kubwa milimita 5.33. Risasi za uwindaji kama .30-06 na .375 H&H zinabeba kubwa. Risasi za shotigani zina fataki ya aina yake, pana zaidi, inayojulikana kwa namba 209. Risasi za .22 hazina fataki kabisa: unga umezungushwa ndani ya ukingo wa kitako, na pini inagonga pembeni. Unga ukikosa kufika sehemu moja ya ukingo, pini ikaangukia hapo, risasi inagoma. Ndiyo maana .22 hugoma mara nyingi kuliko ndugu zake, hata zikiwa mpya, na usichoke nayo mapema.

Maganda makubwa ya risasi za wanyama wakubwa yana shida yake. Baruti ni nyingi, inaungua polepole, na inahitaji cheche yenye nguvu. .458 Winchester Magnum ilipoingia mwaka 1956 ilipata sifa mbaya Afrika kwa sababu baruti ilishindiliwa ndani ya ganda fupi, ikikaa muda mrefu inagandamana kama sukari iliyopata unyevu, na cheche inashindwa kuiwasha yote. Wawindaji walikuwa wanasikia kishindo kinyonge na kuona kichwa kikikosa nguvu. Risasi za sasa za kipimo hicho zimerekebishwa, lakini somo limebaki kwa yeyote anayeuziwa boksi la zamani la bunduki kubwa kwa nusu bei: huwezi kuijua hali ya baruti kwa kutazama nje.

Dukani

Usianze na bei. Anza na maandishi matatu: kipimo kilichogongwa kwenye mtutu wako, kipimo kilichoandikwa kwenye boksi, na kipimo kilichogongwa kwenye kitako cha risasi yenyewe. Yote matatu yafanane herufi kwa herufi. .30-06 na .308 zinatumia kichwa cha kipenyo kilekile, lakini maganda yake si mamoja. Muuzaji akikuambia "zinaingiliana tu, kaka", mshukuru na uondoke.

Kisha tafuta namba ya toleo. Kila kiwanda makini kinaigonga kwenye boksi, mara nyingi ndani ya kifuniko au pembeni. Namba moja maana yake fataki, baruti na vichwa vya mkupuo mmoja. Ukitaka maboksi matano, yachukue yote yenye namba moja, hata kama itakubidi usubiri. Ombi halina aibu: "Mzee, naomba nione namba kabla sijalipa." Duka linalouza risasi zilizomwagwa kwenye mfuko, bila boksi wala namba, linakuuzia mchanganyiko wa miaka na viwanda, na hakuna jaribio litakalokufaa, kwa sababu risasi ya kwanza haikuambii lolote kuhusu ya pili.

Baada ya hapo toa risasi moja moja na uziangalie penye mwanga wa jua, siyo wa taa. Fataki itazame kwa dakika nzima.

Ipapase kwa ncha ya kidole. Inatakiwa iwe sawa na kitako au imezama kidogo sana, kiasi cha unene wa karatasi moja au mbili. Kipimo cha kiwandani hakizidi milimita 0.2 chini. Iliyojitokeza juu ni hatari kwa namna mbili. Pini inatumia nguvu yake kuisukuma ndani badala ya kuiponda, kwa hiyo inagoma; au bolti inaigonga wakati wa kufunga, na risasi inalia kabla hujajiandaa. Kuna kipimo kisicho na gharama: simamisha risasi juu ya kioo tambarare. Ya sawa inatulia kama glasi mezani. Yenye fataki iliyojitokeza inayumba ukiigusa.

Tazama mzunguko wa fataki. Risasi nyingi za kijeshi na baadhi za kiraia zina rangi nyembamba inayoizunguka, nyekundu, kijani au zambarau. Ni lakiri inayozuia maji na mafuta kupenya, na kwa mtu atakayevuka masika nazo ni ziada nzuri. Rangi ya fataki yenyewe, ya fedha au ya shaba, haipimi ubora. Ile ya fedha imepakwa nikeli ili isishike kutu, basi.

Halafu ganda. Madoa meusi ya vidole si shida. Kutu ya kijani ni shida, hasa ikiwa imeingia kwenye mshono wa fataki au imezunguka shingo, pale ganda linaposhika kichwa. Ufa mwembamba shingoni, hata wa urefu wa punje ya mchele, unaikataa risasi hiyo hapohapo. Bonyo dogo ubavuni linavumilika. Bonyo begani, pale ganda linapoanza kubana kuelekea shingo, linaweza kuzuia bolti kufunga.

Swali ambalo wengi hawaulizi ni kama fataki inaacha chumvi. Risasi nyingi za kijeshi za zamani, hasa za mabaki ya vita, zina unga wenye klorati ya potasiamu. Ukilipuka unaacha kloridi ya potasiamu ndani ya mtutu, chumvi inayovuta maji hewani kama chumvi ya mezani inavyofanya Moshi mwezi wa Aprili. Asubuhi mtutu umeota kutu. Risasi za kisasa za kiraia karibu zote hazina tabia hiyo. Ukilazimika kutumia zile za zamani, siku hiyohiyo mimina maji ya moto ndani ya mtutu, kausha kwa kitambaa mpaka kitoke kikavu, ndipo upake mafuta. Mafuta peke yake hayasaidii, kwa sababu chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Inakaa chini yake ikila chuma huku wewe ukidhani umemaliza kazi.

Unafuu ni nini hasa

Bei ya boksi inapotosha. Gawa kwa idadi ya risasi kwanza, maana boksi la raifo kwa kawaida lina 20, la shotigani 25, la .22 lina 50. Kisha gawa tena kwa zile zitakazolia. Kwa mfano, risasi 25 kwa shilingi 100,000 ni shilingi 4,000 kila moja. Tatu zikigoma, umelipa zaidi ya shilingi 4,500 kwa kila iliyolia, na hapo hujahesabu mnyama aliyekimbia wala ada ya kibali.

Nunua aina mbili ikiwa mfuko unabana: za bei ya chini za mazoezi, na za uhakika za porini, zenye namba moja ya toleo. Ila bunduki ipangwe shabaha kwa zile za porini, kwa sababu risasi mbili za kipimo kimoja kutoka viwanda viwili zinaweza kupiga sehemu tofauti kwa upana wa kiganja ukiwa mita 100.

Kujaribu toleo

Watu hupiga tatu, zikalia, wakaridhika. Hesabu inakataa. Tuseme toleo lina risasi moja mbovu katika kila kumi, yaani bovu kweli. Ukipiga 10, kuna nafasi kama moja katika tatu kwamba zote zitalia na hutaona kosa. Ukipiga 20, nafasi hiyo inashuka mpaka kama moja katika nane. Kwa hiyo kwa toleo utakalotembea nalo msimu mzima, boksi zima la 20 litumike uwanjani, mahali palipoidhinishwa, na hapohapo umepata mazoezi na kupanga shabaha. Ikigoma hata moja kwa kosa la fataki, toleo hilo libaki la mazoezi.

Andika kwenye daftari: tarehe, namba ya toleo, zilizopigwa, zilizogoma, na hali ya hewa. Daftari la shilingi elfu moja linashinda kumbukumbu ya mtu yeyote.

Kusoma alama ya pini

Risasi iliyogoma usiitupe kabla hujaiuliza. Weka ganda lililolia kutoka bunduki ileile kando yake, tazama mashimo mawili ya pini.

Shimo la iliyogoma likiwa na kina sawa na la iliyolia, na liko katikati, bunduki imefanya kazi yake. Fataki ndiyo mbovu, au imelowa, au imepata mafuta. Shimo likiwa jepesi kama alama ya kucha, kosa liko upande wa bunduki. Sababu kubwa huku kwetu ni grisi. Mtu amepaka grisi nzito ndani ya bolti mwezi wa Februari Moshi, kukiwa na joto. Julai saa kumi na mbili asubuhi West Kilimanjaro grisi ile imeganda kama samli na pini inatembea ndani yake kama mtu kwenye tope. Ongeza vumbi la Longido, laini kama unga wa dona, na umepata saruji. Fungua bolti, ioshe kwa mafuta ya taa, ikaushe kabisa, ipake mafuta mepesi kwa kitambaa mpaka ionekane kama haina kitu. Ikiendelea, springi ya pini imechoka. Hiyo mpeleke fundi wa bunduki mwenye leseni, usiikate wala kuivuta.

Shimo likiwa jepesi na risasi ikalia ukiigonga mara ya pili uwanjani, kuna mambo mawili: springi dhaifu, au fataki ilikuwa imejitokeza na pigo la kwanza limeisukuma tu mahali pake. Kile kioo mezani kitakuamulia.

Na fataki zilizolia nazo zinasema. Iliyobonyezwa bapa mpaka kona zake za duara zimepotea, au iliyoota ukingo kuzunguka shimo la pini kama kovu la chanjo, inaweza kuwa dalili ya mgandamizo mkubwa, hasa ikiambatana na bolti nzito kufunguka. Iliyotobolewa, ikaacha moshi mweusi usoni pa bolti, ni amri ya kusimama. Usipige nyingine ya toleo hilo. Joto huongeza mgandamizo, kwa hiyo risasi zilizolala juu ya dashibodi ya Landcruiser saa nane mchana zinaweza kuonyesha dalili ambazo asubuhi hazikuwepo.

Ikigoma mkononi

Hapa pasipitwe haraka.

Usifungue bolti. Fataki inaweza kuwa imeshika moto kidogo na baruti inachelewa kuwaka. Risasi inayochelewa inalia baada ya nukta kadhaa, na bolti iliyofunguliwa nusu itarudi usoni kwako ikiwa na ganda lililopasuka. Elekeza mtutu mahali salama, chini mbele au kwenye tuta, hesabu polepole mpaka 30. Kama hakuna haraka ya hatari, subiri dakika nzima. Ndipo ufungue, uso ukiwa pembeni ya mstari wa bolti, utoe risasi na kuiweka mbali na zilizo nzuri. Mbele ya mnyama anayekuja, mwongozaji mwenye uzoefu atafungua mara moja na kutia nyingine. Ni uamuzi wa kuchagua hatari ndogo kati ya mbili, na mtu ajue kwamba anachagua.

Sauti nyingine ya kuogopa kuliko tik ni "pyu", kishindo kidogo kama kizibo cha soda, bila teke begani. Fataki imelia yenyewe, au baruti imewaka kidogo, na kichwa kimekwama katikati ya mtutu. Ukitia risasi ya pili na kuvuta, mtutu unapasuka. Toa risasi zote, ondoa bolti, tazama mwanga kutoka upande wa chemba. Usipouona mwanga wa duara kamili, bunduki inakwenda kwa fundi. Usigonge kichwa kilichokwama kwa ufito wa chuma, na kamwe usijaribu kukitoa kwa kupiga risasi nyingine.

Shotigani ina mtego wake wa ukubwa. Risasi ya namba 20 ni nyembamba kuliko ya namba 12. Ukiitia kwa kosa kwenye bunduki ya 12 inateleza na kukwama mbele ya chemba, isionekane. Unavuta, tik, unafungua, chemba tupu. Unatia ya 12 na kuvuta. Iliyokwama mbele inalipuka pamoja nayo, pale mkono wa kushoto ulipo. Ndiyo maana viwanda vingi hupaka maganda ya 20 rangi ya njano. Ukiwa na bunduki zote mbili nyumbani, usibebe risasi zake kwenye mfuko mmoja, na usizivalie koti moja bila kulipekua. Angalia na urefu: bunduki nyingi za zamani za Kiingereza zina chemba ya milimita 65, na risasi ya milimita 70 inaingia bila kulalamika kwa sababu urefu huo ni wa ganda likiwa limefunguka. Likilia linakosa nafasi ya kufunguka, na mgandamizo unapanda.

Kutunza mpaka Julai

Msimu wa uwindaji unafunguliwa tarehe 1 Julai, mara tu baada ya masika. Maana yake risasi ulizonunua Desemba zimekaa nyumbani miezi ya unyevu mwingi kuliko yote, Machi mpaka Mei, zikisubiri kazi wakati wa ukame. Fataki nyingi zinazogoma porini ziliuawa kabatini.

Adui wa kwanza ni joto la juu. Dari chini ya mabati, Moshi mwezi wa Februari, ni tanuri. Hifadhi sehemu ya chini ya nyumba, ukuta wa ndani usiopigwa na jua, ndani ya kasha la chuma lenye kufuli kama sheria inavyotaka silaha na risasi zitunzwe. Kabati la chumba cha kulala linafaa kuliko stoo ya nje.

Adui wa pili ni unyevu. Tafuta sanduku la chuma au plastiki ngumu lenye mpira kwenye kifuniko. Pima mpira kwa karatasi: ifungie nusu nje nusu ndani, ivute, ikitoka bila kukaza, mpira umekufa. Weka risasi zikiwa kwenye maboksi yake, ongeza vifuko vya silika vya kunyonya maji. Silika ya rangi ni bora kwa sababu inazungumza: ya bluu ikijaa maji inageuka waridi, ya chungwa inageuka kijani. Ikijaa, mimina punje kwenye sinia ya chuma, zikaushe kwenye oveni kama nyuzi 120 kwa saa mbili, zikipoa zirudishe. Risasi zenyewe zisikaribie oveni wala jiko, hata zikiwa zimelowa chapachapa. Zifute, zianike kivulini, kisha ziwe za uwanjani tu. Usifungue sanduku asubuhi ya ukungu bila sababu. Unalifungulia mvua mlango.

Adui wa tatu haonekani. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru ng'ombe wa maziwa hufugwa ndani, na zizi huwa hatua chache kutoka chumbani. Mkojo wa ng'ombe na kinyesi cha kuku vinatoa amonia, na amonia inapasua shaba ya maganda yenye mkazo shingoni. Si hofu ya bure. Jeshi la Uingereza kule India lilipata maganda yaliyopasuka yenyewe ghalani majira ya mvua, risasi zikiwa zimewekwa karibu na mazizi ya farasi, na chanzo kilikuja kuelezwa vizuri na watafiti mwaka 1921. Kwa hiyo risasi zikae mbali na zizi na banda la kuku, na usizing'arishe kwa dawa ya shaba yenye amonia ili zipendeze. Zifute kwa kitambaa kikavu. Zikipoteza mng'aro, ziache.

Adui wa nne ni mafuta. Dawa za kunyunyizia za kulegeza kutu zimetengenezwa zipenye mianya midogo, na mwanya kati ya fataki na ganda ni mwaliko. Unga ukipata mafuta unaweza kufa au kuchelewa. Safisha bunduki, kausha chemba na uso wa bolti, ndipo utie risasi. Usinyunyizie kitu kwenye magazini yenye risasi.

Mkanda wa ngozi wa kiunoni unapendeza kwenye picha. Ngozi iliyotiwa dawa ina tindikali na inashika jasho. Acha risasi humo wiki tatu, toa moja, utaona pete ya kijani palipoguswa na ngozi. Mkanda ni wa siku ya safari. Jioni risasi zirudi kwenye boksi.

Kuna na tabia ya walinzi wa mashamba: kila jioni kutia risasi ileile ya juu, kila asubuhi kuitoa. Kila mara bolti inaigonga na kichwa kinaweza kusukumwa ndani ya ganda, na unga wa fataki unaweza kumeguka. Weka alama ya kalamu kwenye kitako kila inapoingia chembani. Ikifika alama tano, iende kwenye mazoezi na nyingine ichukue zamu. Kwa bunduki zenye teke kubwa kama .375 fanya ukaguzi wa magazini baada ya kila risasi tano: zilizobaki chini hugongwa mbele kila bunduki inaporuka. Zipange kando kando na mpya. Iliyofupika itaonekana kwa jicho.

Zilizogoma, zilizoota kijani na zilizopasuka shingo usizizike shambani, usizitupe chooni, wala kwenye moto wa majani. Zitie kwenye boksi lake zenyewe lililoandikwa MBOVU kwa herufi kubwa, na idadi yake ionekane kwenye daftari, kwa sababu hesabu ya risasi zako lazima ilingane na kumbukumbu za leseni. Kisha zipeleke polisi ulikosajiliwa bunduki, ukiwa na leseni mkononi, na uombe uandikiwe kwamba zimepokelewa.